Matundu Manane Juu ya Paa Letu

Nyumbani, mtaa wa nyuma ya karakana
Jumapili, tarehe 17, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa binamu yangu Chiriku,

Kwanza pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa aliyejilaza mpaka kwa anayeosha vyombo. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kusimama wodini zamu nzima kunakumaliza, na kwamba baridi ya huko inapenya mpaka kwenye mifupa. Umeshapata koti zito? Shemeji yangu hajambo? Na yule kijana wako bado anaziogopa mboga za majani kama dawa? Nijibu yote, usiruke hata moja, nakujua.

Sisi huku wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Pacha wa kwanza kang'oka jino la mbele, sasa akisema "sisi" anapiga mluzi. Mwenzake kaingiwa wivu, kutwa anatikisa jino lake ambalo halina hata nia ya kutoka. Baba watoto yuko safarini na lori, tunamtegemea kesho kutwa. Mama, yaani shangazi yako, ana afya lakini amekonda. Sababu utaiona huko mbele.

Hii ni siku ya tatu nahangaika na barua hii. Mara mbili nimeandika nikachana. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na kusingekuwa na wa kumsikia mwenzake. Isitoshe, mwenye jambo ndiye aliyeniagiza niandike. Kwa hiyo keti, ndugu yangu. Kama uko kazini, ikunje uisome ukifika kwako.

Jambo lenyewe ni la paa letu, na ni la baba yako. Tulia. Mjomba ni mzima, anakula, anatembea. Hajafa mtu. Lakini nilichokiona kwa macho yangu mwezi uliopita, mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Paa letu unalijua. Si la bati kama ya majirani. Ni zege tupu, bapa kama meza, na ngazi yake ya nje inapandia nyuma ya jiko. Baba yako ndiye aliyelimwaga, enzi zile mimi na wewe tukipeleka maji kwa vikopo na kujiona mafundi. Sifa zake pia unazijua. Watu hawakumpa bure jina la Timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia unyoofu wa ukuta. Mafundi wenzake walikuwa wakileta kamba zao kupima kuta zake, wakiondoka kimya kimya.

Sasa miaka mitatu, paa hilo lilikuwa linavuja. Lilianza sebuleni, pembeni mwa kabati. Likazibwa. Likahamia kwenye ujia. Likazibwa. Likaenda jikoni, likarudi sebuleni, likaingia chumbani kwa watoto. Mabeseni yetu yote yalisahau kazi ya kufulia. Baba watoto akawa anawaambia wageni kwamba sisi tuna maji ya bomba kila chumba, tena ya bure.

Na kila Jumamosi Mjomba alikuja. Tangu livuje mara ya pili, mama yako akiwa keshatutoka, Mungu amrehemu, hapakuwa na Jumamosi aliyokosa. Saa tatu yuko mlangoni na mfuko wake wa vifaa begani. Anapanda, anagonga, anapaka lami, anashuka kunawa, anakula nasi, anapiga hadithi zake za majengo mpaka tunashika mbavu. Jioni anaondoka. Sisi tukisema, jamani, mtu mwenye mjomba fundi ana nini cha kuogopa? Mvua ikija tunaona limevuja pengine, tunamhurumia: maskini, zege limezeeka na yeye kazeeka. Fundi akigonga juu ya paa, nani atapanda kumuuliza anagonga nini?

Sasa sikiliza. Alhamisi moja mwanzoni mwa mwezi uliopita shule zilikuwa zimefungwa. Pacha wa pili alikuwa kitandani, kajifunika, anasoma kitabu chake. Mwenzake akamwita uani aje amwone mjusi asiye na mkia. Akaruka kitandani akakimbia. Hata mlango wa nyuma hakuufikia, nyumba ikatoa kishindo kama mtu kaangusha kabati.

Nilipoingia chumbani sikuona kitu kwa vumbi. Lilipotulia nikaona. Pande la dari, zege na lipu yake, kubwa kama sinia la kulia watu wanne, lilikuwa limetua juu ya mto, pale pale panapokaa kichwa. Mto ulikuwa umepasuka. Kitabu kilikuwa chini yake, kimekunjamana. Juu zilikuwa zimechungulia nondo mbili, nyekundu kwa kutu, zikidondosha maji tone tone. Nilimshika yule mtoto nikawa nampapasa kichwa, nampapasa tena, mpaka akaniambia, "Mama, unaniumiza."

Siku hiyo nikaamua kumleta fundi mwingine, bila kumwambia Mjomba. Niliona ni kumstahi. Si ungemfedhehesha mzee, kumwambia kazi yake imetaka kuua? Ofisini kwetu kuna binti mmoja aliyekuwa anatengeneza vyoo vya ghorofa ya chini, hapo hapo karibu na masjala yangu. Mdogo, hana maneno mengi, mikono yake kama msasa. Nikamsihi, akakubali kuja kesho yake asubuhi, kabla ya kazi.

Hapo Mama akanishangaza. Alimzuia mlangoni. "Fundi tunaye," akasema. Binti akaeleza kwamba ataangalia tu. "Fundi tunaye, mwanangu, ahsante." Ufunguo wa kigeti cha ngazi ukawa umepotea, ufunguo ambao miaka yote unaning'inia nyuma ya mlango wa jiko! Nikautafuta kila mahali, na Mama kakaa kimya kwenye kiti, ngumi kaifumba. Nilidhani ni mapenzi ya dada kwa mdogo wake. Binti hakubishana. Alikuja na ngazi yake ya alumini, akaiegemeza ukutani, akapanda. Nami nikamfuata, na sketi yangu ya ofisini.

Alitembea juu ya paa taratibu, anagonga kwa kisigino, anasikiliza. Akachuchumaa, akakwangua lami. Akasogea, akakwangua tena. Mara ya tatu akaniita.

"Dada, mlikuwa mnaambiwa linavuja kwa nini?"

"Uzee wa zege."

"Zege hili halijazeeka. Zuri kuliko ninalomwaga mimi." Akanishika mkono, akaniingiza kidole ndani ya tundu, jembamba, refu, kingo zake kali. "Hii ni kazi ya tindo na nyundo. Paa hili halivuji, dada. Linatobolewa."

Sikumwelewa. Akanionyesha moja moja. Kulikuwa na matundu saba. Manne yalikuwa yamezibwa vizuri, huwezi kuyajua ila ukiambiwa. Matatu yalikuwa wazi, yamefunikwa lami nyepesi tu kwa juu. Na pembeni ya kila tundu lililo wazi kulikuwa na kituta cha saruji, chembamba kama kidole, kimelazwa kwa ustadi, kinayakatisha maji yasiende kwenye bomba la kutokea, yaelekee tunduni. Binti alikitazama kile kituta kwa heshima, nakwambia kweli. "Aliyefanya hivi ni fundi hasa," akasema. "Mimi mwinamo kama huu nausoma kwa mashine. Huyu kaupata kwa jicho." Kisha akaniuliza, "Huku juu anapanda nani?"

Binamu, nikajibu, "Mjomba," na neno lilipotoka ndipo nilipolisikia. Nikaketi pale pale juu ya lami. Nilikuwa natazama nguo za majirani kwenye kamba zao, mashati mawili na shuka la bluu, nazitazama kana kwamba nitaulizwa maswali juu yake. Yule yule aliyetufundisha kushika mwiko? Aliyekuwa akikataa hata maji ya kunywa mpaka amalize mstari wa tofali? Niliapa kimoyomoyo kwamba binti kakosea.

Niliposhuka, Mama alikuwa kasimama chini ya ngazi. Aliniangalia usoni, na kabla sijafungua mdomo akafungua ngumi yake, ufunguo ukiwa ndani.

"Nilijua," akasema.

Chiriku, la paa lilinishtua. La Mama lilinivunja. Mwaka wa pili huo anajua! Alipanda siku moja kuanika, akamkuta mdogo wake kapiga magoti, kampa mgongo, anatoboa. Akashuka na nguo zake mbichi, akaenda kupika. Mjomba aliposhuka wakala, wakazungumza. Hakuna aliyesema neno, siku ile wala siku yoyote.

Nilimfokea mama yangu. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, sijawahi kumwinulia sauti, lakini siku hiyo nilimfokea mpaka yule binti fundi akajifanya anatafuta kitu nje. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia maneno ambayo nitakuandikia kama alivyoyasema.

"Mara ya kwanza paa lilivuja kweli. Ufa mdogo tu. Alikuja mbio, akaziba, akala, akacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu amzike mkewe. Lilipopona hakuja tena. Mwezi, wa pili, wa tatu. Nikimwita anasema ana kazi. Kazi gani? Nani anamwita fundi wa umri ule? Nikaenda kwake. Nilimkuta kalala mchana na viatu miguuni, chakula cha siku nyingi kimeota ukungu. Nikarudi nalia njia nzima. Baada ya siku chache paa likavuja tena, naye akaja, kanyoa ndevu, kavaa shati safi. Ningefanyaje? Maji nayafuta kwa tambara. Mdogo wangu akinifia peke yake chumbani, hilo nitalifuta kwa kitu gani?"

"Na watoto, Mama?"

Hapo alishindwa. Aliingia chumbani kwa pacha, akakaa kwenye kitanda kile chenye vumbi, akashika lile pande la zege kwa mikono miwili kama anataka kujua uzito wake. "Sikujua maji yanakula chuma," akasema. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kukonda.

Jioni baba watoto alipiga simu akiwa njiani. Nilipomweleza alisema neno moja, "Polisi," simu ikakatika. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mtandao ni mbovu.

Jumamosi, kama kawaida, saa tatu, Mjomba akaja. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Binti fundi alikuwa juu tayari, amekwangua lami yote, matundu yote saba wazi, kila moja kalizungushia chaki. Mjomba alimsikia akigonga. Akapanda ngazi na mfuko wake begani, nami nikampandia nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: akatae, akasirike, aseme ni wivu wa mafundi. Alisimama akayatazama. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la chaki.

"Yapo manane," akasema. "La nane liko nyuma ya tangi."

Basi. Akautua mfuko wake chini polepole, akageuka. Binti fundi alibaki kashika nyundo hewani.

Nilimpeleka chumbani kwa watoto. Sikumwambia kitu, nilifungua mlango tu. Aliangalia juu kwenye nondo, akaangalia chini kwenye mto uliopasuka. Akauliza, "Nani?" Nikamwambia, "Hakuna. Wa pili alikuwa ndiyo kwanza kainuka hapo." Mjomba aliinama, akaweka kiganja chake juu ya ule mto. Akapita mbele ya Mama bila kumtazama. Hata maji hakunywa. Mfuko aliuacha juu ya paa.

Wiki mbili hakuonekana. Mama alikwenda mara mbili, mlango haukufunguliwa, ingawa alisikia mtu anakohoa ndani. Mara ya tatu nikaenda mimi, nikagonga, nikasema, "Mjomba, nisipofunguliwa nitalala hapa kizingitini, na majirani zako wanajua kusema." Akafungua.

Chumba chake, Chiriku. Ulimwacha navyo viti viwili na kile kitanda cha mbao, vipo. Kila kitu kimepangwa, kisafi, kijiko kimoja, sahani moja. Ila ukuta mmoja ulikuwa mbichi, lipu ya siku hiyo hiyo, laini kama uso wa mtoto. Nikaona swichi ya taa. Imezama ndani ya ukuta, ukitaka kuiwasha unatumbukiza kidole. Nikaelewa taratibu. Baba yako alikuwa anaupiga lipu ukuta ule, ukikauka anaukwaruza, anaupiga tena juu yake. Sijui mara ngapi. Chumba kinamsogelea kidogo kidogo, na yeye ndiye anayekisogeza. Niliweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote imepangwa, ikanitawanyika.

Aliniambia machache. Kwamba kila Jumamosi alipanda akijiambia hili ndilo la mwisho. Kwamba akiwa pale juu anagonga, na harufu ya chakula inapanda kutoka jikoni, na watoto wanabishana huko chini, alikuwa anajisikia mtu. Kwamba alichagua sehemu ambazo alijua hazina nondo. "Nilijenga mimi, nilijua zilipopita," akasema. "Nilisahau kwamba maji hayafuati ramani yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia tu kwamba anatutaka. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakutembea uchi.

Kisha akasema, "Mwandikie binti yangu. Mimi nikishika kalamu nitajitetea. Usimfiche, na usipunguze." Ndiyo maana unaniona nimeandika mpaka vijiko. Sikupunguza.

Na wala sikuandikii kukulaumu, ufahamu hivyo. Wewe uko mbali, na simu zako za kila mwezi anazihesabu. Mimi nilikuwa nakaa naye meza moja. Miaka mitatu nampakulia, nacheka hadithi zake, nampa mkono tunaagana. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo kuliko tindo na nyundo. Mtu anatoboa nyumba unamoishi apate nafasi ya kuingia, na wewe uko ndani unasema, karibu, karibu.

Paa lilitengenezwa hivi. Binti fundi alihitaji kujua nondo za zamani zimepita wapi, asije akakata chuma kizima, na michoro haipo, ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Akaenda kwa Mjomba mwenyewe, bila kutuuliza. Sijui alimwambia nini. Asubuhi moja nikawaona wanakuja wote wawili, yeye mbele, Mjomba nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Binti akamgeuzia ndoo akamkalisha juu yake. "Mzee, wewe nielekeze. Nyundo nashika mimi." Na kweli, siku tisa zote hakumruhusu kuigusa. Walikata zege bovu, wakasugua kutu mpaka chuma kikang'aa, wakajaza upya, wakamwaga mwinamo mpya, wakalaza karatasi nene ya lami ukingo hadi ukingo. Siku ya nne nikawasikia wanagombana juu ya vipimo, na Mjomba akacheka. Binti naye alishuka siku hiyo akaniambia, "Mzee wenu anajua mambo ambayo mimi nililipa ada na sikuyapata."

Siku ya kwanza ya kazi Mama aliwapelekea chai. Mjomba akasimama kutoka kwenye ndoo. "Dada, nisamehe."

"Kunywa, itapoa," Mama akamjibu, kisha akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akaja kulia jikoni. Nilimwona. Pacha nao Mjomba aliwaita mmoja mmoja akawaomba radhi, na yule wa pili akamuuliza kama basi anaweza kununuliwa kitabu kingine kwa kuwa kile kiliharibika. Kamnunulia viwili.

Nisikudanganye kwamba yote yametengenezeka. Baba watoto aliporudi hakuita polisi, lakini hajasamehe. Alipanda juu, akayaona matundu, akashuka hakula. Anamwamkia Mjomba, basi, haongezi neno. Namwelewa. Mimi mwenyewe usiniulize. Kuna saa namhurumia, na kuna saa nautandika mto mpya wa mtoto mikono inakufa ganzi.

Kazi ilipokwisha, binti fundi aliziba bomba la kutolea maji akalijaza paa maji siku mbili, kidimbwi kizima juu ya vichwa vyetu. Halikutoka hata tone. Tukashangilia. Mjomba akaangalia dari, akatikisa kichwa kwamba sawa, akachukua mfuko wake akaaga. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Mama alikuwa anasikiliza kila hatua ya mtu njiani. Nyumba ilikuwa kavu kabisa, na haikaliki.

Hapa ndipo nilipokuwa nimefika juzi, nikaishiwa maneno, nikaiacha barua. Namshukuru Mungu sikuituma. Ngoja nikueleze ya jana.

Jana ilikuwa Jumamosi. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, si mvua ya kawaida, ile ya kumwagwa. Sote tukawa sebuleni tumeinua shingo, pacha wanatafuta tone kama wanatafuta ndege. Hakuna. Kavu. Mama akaandaa meza, akaweka sahani moja ya ziada, hakusema ni ya nani, nami sikuuliza.

Mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa Mjomba, kalowa chapachapa, hana mwavuli, hana mfuko. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Mara aiweke mfukoni, mara nyuma. Jicho lake likaruka kwenye dari kwa mazoea.

"Halivuji, Mjomba," nikamwambia.

"Najua. Sikuja kwa paa."

Niliona anatafuta sababu na haioni. Nikataka kumsaidia, nimpe hata ya uongo, kwamba kuna bawaba imelegea. Nikajizuia, sijui ni nani aliyenizuia. Mama akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?"

"Ni mimi, Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, binamu, hujawahi kuisikia hivyo. "Nimekuja tu."

Mama alikuja mpaka ujiani. Alimtazama mdogo wake kuanzia juu mpaka viatuni, maji yanachuruzika yanafanya dimbwi kwenye sakafu yake aliyokuwa ametoka kuipiga deki. Akavuta taulo kwenye kiti, akamrushia kifuani.

"Basi ingia ufunge mlango," akasema. "Unaniingizia mvua ndani."

Alikaa mpaka jioni. Alikula mara mbili. Kuna wakati walicheka, yeye na Mama, na mimi nikiwa jikoni nilishtuka nikaacha sahani iteleze, ikavunjika.

Ombi langu ni moja. Usimpigie kumuuliza kuhusu haya, ataona aibu. Mpigie siku ambayo si ya zamu yako ya kumpigia, mwambie umekula nini, mgonjwa gani kakuchekesha. Wewe si ndiye Chiriku, ndege asiyeishiwa maneno? Zungumza. Na ukipata likizo, njoo. Chumba cha pacha kina kitanda kipya na dari mpya, nimelala chini yake mwenyewe wiki nzima kabla ya kuwarudisha watoto.

Nisalimie shemeji na umbusu kijana wako, hata kama ana mdomo uliojaa mkate. Shangazi yako anasema goti lako ulikande kwa maji ya moto, si vuguvugu. Pacha wanakusalimu, mmoja kwa mluzi. Baba watoto angekusalimu angekuwepo. Baba yako hajatuma salamu, amesema atakupa mwenyewe.

Mungu akutunze huko uliko, akuondolee baridi ya mifupani, na akulete kwetu ukiwa mzima.

Mimi ninayekupenda tangu enzi za vikopo vya maji,
binamu yako,
Mama Pacha